Pato Peke Yake Halitoshi

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za uchumi wa kati wa chini. Kipimo chake ni wastani wa pato, na wastani haumwoni mama wa Mkuyuni anayeteremka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani.

Tangu 1990, kwa fikra za wachumi Mahbub ul Haq na Amartya Sen, Umoja wa Mataifa hupima pia umri wa kuishi na elimu. Ni hatua njema, lakini nayo ni picha ya taifa zima.

Madiwani, pangeni bajeti kwa takwimu za kata: umbali wa zahanati, watoto wanaomaliza shule, barabara inayopitika masika. Maendeleo ni watu.