Juma la Maji katika Darasa la Watoto Wadogo

(Maneno ya walimu wa darasa la watoto wadogo mbele ya wazazi na wageni, Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, Base Camp, Nakivale)

Watoto wamekwisha kuimba na jua ni kali, kwa hiyo hatutarefusha.

Kamati imetuomba tujibu swali moja. Katika mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita lilisemwa waziwazi: "Watoto wetu wanacheza tu. Unga wetu unaishia kwenye michezo?" Baadhi yenu mlisema kwamba muhula ujao hamtatoa unga wa uji mpaka mwone madaftari yamejaa herufi. Mzazi mmoja alikuwa amerudi kutoka Mbarara mjini, akatuletea daftari la mtoto wa ndugu yake, mtoto wa miaka minne anayesoma huko. Tulilipokea kwa mikono miwili, tukalipitia ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa daftari safi: mistari ya A, mistari ya B, na alama nyekundu za vyema. Ila sisi tuliofundisha miaka kadhaa tuliona kwamba katika kurasa nyingi mkono ulioandika ulikuwa wa mtu mzima.

Hata hivyo hatukulidharau daftari lile. Mzazi aliyelipa karo anataka kuona kitu mkononi, na mzazi aliyetoa kikombe cha unga kutoka katika mgao uliopungua anataka zaidi. Sisi hatukuwa tumewaonyesha kitu. Kosa hilo ni letu, na leo tunajaribu kulirekebisha kwa kuwaeleza juma moja tu, siku kwa siku, jinsi lilivyokuwa. Ni juma la mwezi wa nne, wakati wa mvua, na mada yake ilikuwa maji.

Jumatatu tulimwomba kila mtoto aje na chombo cha maji kutoka nyumbani. Zilikuja jerikani za lita 20, za 10, za 5 na za 3, chupa za soda, sufuria lisilo na kifuniko, na birika la plastiki la kutawadhia kutoka nyumba ya Kisomali. Tuliwauliza watoto maji yanaitwaje kwao. Wakasema: maji, amazi, mai, amaizi, biyo. Wa Kinyarwanda na wa Kirundi waligundua kuwa neno lao ni moja, na liko karibu sana na la wenyeji wetu Wanyankore, wakacheka sana, kama waliokuta ndugu njiani. Aliyesema "biyo" ni mtoto ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa darasani. Darasa zima lilirudia neno lake mara tatu. Tangu siku ile anasema, na sasa tunamwomba anyamaze.

Baadaye walipanga vyombo kuanzia kidogo hadi kikubwa. Hilo ni somo la hesabu, ingawa halina daftari. Mtoto asiyeweza kupanga vitu kwa ukubwa atakariri moja hadi mia bila kujua kwamba saba inazidi sita.

Jumanne tulipima. Chupa ya nusu lita itajaza jerikani ya lita 3 mara ngapi? Kundi moja lilipata sita, jingine likapata saba kwa sababu lilikuwa linamwaga maji njiani. Hatukusema nani amekosa, tuliwaambia warudie. Waliporudia walitembea polepole, wameshika chupa kwa mikono yote miwili, na sita ikapatikana.

Kisha tukawapa kokoto. Kila mtoto aweke kokoto moja kwa kila mtu anayekunywa maji nyumbani kwao jioni, halafu ahesabu vikombe vinavyohitajika. Tuliona ni zoezi jepesi. Msichana mmoja wa miaka mitano aliweka kokoto tatu, akabaki na ya nne mkononi, akauliza: "Mwalimu, na yule ambaye bado hajafika, naye nimweke?"

Hatukuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo: madhumuni, zana, hatua, tathmini. Swali la namna hiyo halikuwa na nafasi katika andalio letu. Tulimwambia aweke pale anapoona panafaa. Aliiweka kando kidogo ya zile tatu, zisigusane, akahesabu nne. Watoto wengine walipomwona, nao walirudi kwenye ndoo ya kokoto kuchukua nyingine. Wapo waliochukua mbili, yupo aliyejaza kiganja. Siku hiyo hatukumaliza zoezi, na hatukuwaharakisha. Tunalieleza hili mbele ya wageni wetu kwa sababu fomu tunayojaza mwisho wa mwezi ina mstari unaouliza kama mtoto anaweza kuhesabu hadi tano. Tuliweka alama ya ndiyo.

Jumatano ilikuwa siku ya kuelea na kuzama. Tulijaza beseni maji, tukaweka mezani kijiwe, msumari, kijiti kikavu cha mkaratusi, kipande cha bua la funjo kutoka ziwani, kiazi, ndizi, na vizibo vya soda. Kabla ya kutumbukiza, kila mmoja alitakiwa aseme anavyodhani. Kiazi kilizama, ndizi ikaelea, na hapo palikuwa na kelele kubwa. Lakini jambo la siku lilikuwa kizibo. Mvulana mmoja aliona kizibo kinaelea. Rafiki yake akaona kinazama. Kila mmoja akasema mwenzake ni mwongo. Hawana lugha moja, huyu Kisomali, yule Kiswahili cha Kongo, kwa hiyo walibishana kwa mikono. Mwishowe mmoja akamshika mwenzake kidole akamwonyesha: kizibo kikiwekwa polepole, tundu lake likitazama juu, kinakaa kama mtumbwi, kikiingiwa na maji, kinakwenda chini. Kitu kile kile, majibu mawili, na wote wawili walikuwa wakweli. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yao, hatukusema neno.

Wazazi wetu, mkiuliza walijifunza nini siku ile, tutawajibu kwamba walijifunza kudhani, kujaribu, kuangalia na kumsikiliza mtu usiyejua lugha yake. Herufi A haikuwapo.

Alhamisi mipango yote iliharibika. Mvua ilinyesha juu ya bati mpaka sauti ya mwalimu haikusikika, na bati letu, kama Kamati inavyojua, linavuja sehemu tatu. Tukaweka beseni, sufuria na kopo chini ya matundu hayo, watoto wakabashiri ni chombo gani kitajaa kwanza. Kopo lilishinda. Siku hiyo pia unga uliisha.

Ijumaa watoto walikuja pungufu. Katika watoto zaidi ya 70 tunaowaandikisha, hawakufika hata 40, na kila mwalimu hapa anajua sababu. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi katika Uganda ulipunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, kundi moja likiondolewa kabisa. Uji wa saa nne, kwa watoto wengi, ndicho chakula cha kwanza cha siku. Waliokuja Ijumaa walifinyanga vyungu vidogo kwa udongo uliolowa kwa mvua ya jana, kila mmoja akachora alama yake, na wale wanaoweza wakaandika herufi ya kwanza ya jina lao kwa kijiti.

Hapo kwenye udongo tungependa kusimama kidogo. Mifupa midogo ya mkono wa mtoto wa miaka minne haijakomaa, na misuli ya vidole bado inajengwa. Kufinyanga, kukamua kitambaa, kufungua kizibo, kuokota kokoto moja moja: hizo ndizo kazi zinazokipa kidole nguvu ya kushika kalamu. Mtoto aliyelazimishwa kalamu mapema huishika kwa ngumi kama mwiko, na akifika shule ya msingi mwalimu wake hupata taabu kumfundisha upya.

Wala hii si desturi tuliyoibuni sisi kwa kukosa vitabu. Mwongozo ambao serikali ya Uganda iliutoa mwaka 2005 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 unataja maeneo matano ya kujifunza: kuishi vizuri na wengine, kuyajua mazingira na kuyatumia, kujitunza, kutumia hesabu, na kutumia lugha. Ukilipima juma letu la maji utayaona yote matano, isipokuwa kwamba kujitunza kulikuwa hafifu, maana sabuni ya kunawia ilikuwa ya siku mbili tu.

Sasa tuseme ukweli upande wa pili. Mzazi anayedai herufi ana hoja. Elimu ya msingi kwa wote iliyoanza hapa Uganda mwaka 1997 inaanzia darasa la kwanza. Chekechea imeachiwa wazazi, jamii na watu binafsi, na serikali ikabaki na mwongozo na ukaguzi. Mtoto wetu akitoka kwetu anaingia katika chumba kilichojaa, mwalimu hamjui jina, na lugha ni nyingine. Mtaala uliotumika tangu 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Lakini panapochanganyika lugha nyingi, kama hapa, hutumika Kiingereza. Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, ndicho kinachowaunganisha watoto wengi wa Kongo na wa Burundi uwanjani, lakini hakiwavushi darasani. Leo tunawakumbuka watoto wa Soweto ambao tarehe 16 Juni 1976 waliandamana wakikataa kufundishwa kwa lugha waliyolazimishwa, na wengi wakauawa. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Ingekuwa aibu tuimbe nyimbo zao halafu tunyamaze kuhusu lugha ya darasa letu wenyewe.

Vilevile tuliona yaliyotokea shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Watoto waliofikia umri wa kuanza wakati ule hawakupata darasa la watoto wadogo, wakaingizwa la kwanza moja kwa moja. Baadhi yao walikuwa wakilia wakipewa kalamu. Walimu wa msingi waliopo hapa ni mashahidi.

Kwa hiyo tumekubaliana sisi walimu mambo haya, na tunayaweka mbele ya Kamati. Kwa watoto wakubwa, wa miaka mitano na kuendelea, tutatenga nusu saa kila siku kwa herufi, tukianza na jina la mtoto mwenyewe, na maneno machache ya Kiingereza watakayoyahitaji siku ya kwanza: jina langu, naomba maji, naomba kwenda chooni, sijaelewa. Kwa wa miaka mitatu na minne hatutatoa madaftari. Hapo hatutarudi nyuma, hata tukilaumiwa.

Kuhusu vifaa, karatasi za manila na kalamu za rangi hununuliwa Mbarara, kama kilomita 60, na nauli imekuwa ikitoka mfukoni mwetu. Hatulalamiki sana kwa hilo. Vizibo na kokoto hazina nauli. Tunachowaomba wahisani ni bati tatu na sabuni. Unga hatuwaombi wao peke yao, kwa sababu unga wa wazazi ndio unaowapa wazazi haki ya kutuuliza maswali kama lile la mwezi uliopita, na tungependa muendelee kutuuliza.

Ninyi wazazi tunawaomba kitu kimoja kabla ya kikao cha Kamati cha kuamua habari ya unga. Njooni darasani, watano kwa siku, kuanzia Jumatatu ijayo hadi Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Msije kukaa nyuma kama wakaguzi. Mtapewa beseni na watoto sita. Mada ya juma hilo ni soko. Mzazi mwenye mizani ya zamani, hata ikiwa imeharibika, aje nayo. Na mzazi aliyetuletea daftari la Mbarara tunamwomba aje siku ya kwanza, na daftari lake alilete, tulisome pamoja na watoto.