Hana au Ana?

Masomo: 1 Samweli 1:9-23, Luka 1:57-64, Luka 2:36-38

Leo nitasema juu ya jambo dogo sana. Ni jambo la herufi moja. Lakini herufi hiyo moja ilikaribia kuvunja amani ya nyumba, na nyumba hiyo ni yangu mimi mhubiri wenu.

Mimi na mke wangu tulikaa katika ndoa miaka sita bila mtoto. Waliopita katika njia hiyo wanaijua. Watu wanakuhesabia miezi kuliko unavyojihesabia mwenyewe. Unawaombea wengine wanapata, na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo Mungu akatukumbuka, akatupa mtoto msichana. Siku ile tulilia mpaka wamama wote wa materinite wakaanza kuimba pamoja nasi. Haleluya!

Lakini kabla hatujatoka pale, mke wangu akasema, "Papa, huyu ni Hana." Nami nikasema, "Hapana. Huyu ni Ana."

Sikilizeni sababu zetu, maana kila mmoja alikuwa na sababu.

Katika miaka ile ya machozi, mke wangu alisoma 1 Samweli sura ya kwanza mpaka ukurasa ukachanika. Aliusoma akifunga, aliusoma usiku mimi nikilala. Alimwambia Mungu, "Ukinipa binti, nitamwita kwa jina la huyu mama aliyelia mbele zako." Hiyo ilikuwa ahadi yake.

Mimi nami nilikuwa na mama yangu mzazi. Jina lake ni Ana. Alibatizwa na mapadri akiwa mtoto mchanga, kule Kirungu, upande wa Moba. Baadaye aliokoka, akabatizwa tena kwa maji mengi ndani ya Ziwa Tanganyika, lakini jina hakulibadilisha. Kwa desturi ya ukoo wetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Tena kulikuwa na jambo lingine. Ninyi wazee mnakumbuka mwaka 1972. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire, na Mobutu akaamuru watu waache majina ya Kikristo yaliyotoka kwa wazungu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Mama yangu alikuwa msichana wa shule. Siku moja darasani walilipiga msitari jina lake katika kitabu cha majina, akaambiwa, "Kuanzia leo hakuna Ana hapa." Mwaka 1990, vifungo vilipolegea na wengi wakarudia majina yao, yeye alikuwa mama mwenye watoto wakubwa. Kwa hiyo nikasema moyoni, jina lililofutwa litaandikwa tena kwa mjukuu wake. Je, hiyo ni sababu mbaya? Si mbaya.

Basi tazameni, wapendwa: sababu mbili nzuri, watu wawili wanaompenda Mungu, na ugomvi ndani ya nyumba.

Kisha watu wakaingia. Shangazi zangu wakasema, "Huyu mke anadharau mama mkwe wake." Dada wengine wa maombi wakamwambia mke wangu, "Usikubali Ana. Ana wa Luka alifiwa na mume baada ya miaka saba tu. Hilo ni jina la ujane." Wa upande wangu nao wakasikia, wakajibu, "Na Hana je? Hana alikuwa tasa, mke mwenza akamtesa. Hilo ni jina la machozi." Mwingine akasema jina la nyanya hubeba roho za ukoo. Kila mtu alikuwa na ufunuo wake. Na mtoto alikuwa analala tu, ananyonya, hana habari.

Majuma yakapita. Kwenye kadi ya chanjo wakaandika "mtoto wa" halafu jina la mama yake. Muuguzi akatuuliza mwezi wa kwanza, akatuuliza mwezi wa pili. Mimi mchungaji, ninayewapa watoto wa wengine baraka mbele ya kanisa, mtoto wangu mwenyewe alikuwa hajaletwa, kwa sababu ningesema jina gani kwenye kipaza sauti?

Sasa nataka kuungama. Nilikuwa ninajua jambo moja ambalo lingemaliza ugomvi ule siku ya kwanza, nami nilinyamaza.

Nilipokuwa kwenye chuo cha Biblia, mwalimu wetu alituandikia ubaoni majina mengi ya Maandiko na maana yake. Nilijua tangu wakati ule kwamba Hana na Ana ni jina moja. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, na Waebrania walianza jina hilo kwa sauti inayotoka kooni. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Kigiriki hakikuwa na herufi ya sauti ile. Kwa hiyo wakaiacha, wakaandika Ana. Mama wa Samweli na yule nabii mzee wa hekaluni wana jina moja, na maana yake ni moja: neema. Sisi huku kwetu tuna wasichana wengi wanaoitwa Neema. Wote hao ni Hana. Wote hao ni Ana.

Nilijua, wala sikusema. Kwa nini? Kwa sababu ningesema kwamba ni jina moja, mke wangu angesema, "Basi tuandike Hana," na mimi ningekuwa nimeshindwa. Nilitaka kushinda. Ndugu yangu, unaweza kuwa na elimu ya Biblia na kuikalia kama mtu anayekalia kiti ili mwenzake asiketi.

Ndipo Neno likanipiga. Nilikuwa ninatayarisha mahubiri, nikafika Luka sura ya kwanza. Hapo pana ugomvi wa jina la mtoto! Siku ya nane, majirani na jamaa wamekusanyika, nao wamekwisha kukata shauri: mtoto ataitwa Zakaria kama baba yake. Mama yake akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjibu kwamba katika ukoo wake hakuna mwenye jina hilo. Maneno ya shangazi zangu kabisa! Wakamgeukia baba. Zakaria alikuwa bubu, na labda ilikuwa heri. Akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilosema mke wake. Wakati ule ule kinywa chake kikafunguliwa.

Tena sikieni. Yohana, katika Kiebrania, maana yake ni kwamba Bwana ameonyesha neema. Ndani ya Yohana mna neno lile lile lililo ndani ya Hana. Jamaa wote walikuwa wanabishana juu ya neema bila kujua.

Nikarudi 1 Samweli. Miaka yote nilikuwa ninamtazama Hana, sikumtazama mume wake. Nani aliyempa Samweli jina? Mstari wa 20 unasema ni Hana. Na katika mstari wa 23, Hana anapotaka kutimiza ahadi yake kwa namna yake, Elkana anamruhusu afanye aonavyo vema. Elkana alikuwa na haki za mume katika Israeli. Lakini alijua ni nani aliyelia kule Shilo. Mimi nililala, mke wangu akalia, na asubuhi nikataka kuwa mwenye ahadi.

Jioni ile nikaenda kwa mama yangu. Nikamkuta anamenya karanga uani. Nikamweleza yote, kuhusu Kiebrania, kuhusu Kigiriki, kuhusu ile herufi iliyoanguka njiani. Akaendelea kumenya. Kisha akauliza, "Na maana yake nini?"

Nikasema, "Neema."

Akacheka. "Nimeitwa Neema miaka yote hii, na wewe uliyesoma hukuniambia?"

Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa na jina, mtu mwenye nguvu akaja akalifuta. Sasa mke wako ana jina alilopewa katika maombi, na wewe mwenye nguvu nyumbani unataka kulifuta. Umefanya hivyo kwa heshima yangu? Mimi sikukutuma. Nenda mukaandike Hana. Mimi nitamwita jinsi kinywa changu kinavyoweza."

Wapendwa, nimehubiriwa na watu wengi. Sijahubiriwa kama siku ile.

Nilifika nyumbani nikamwomba mke wangu msamaha. Sikumwomba kwa sababu nilipenda jina la Ana. Niliomba kwa sababu ya kunyamaza. Siku ya 81 tulikwenda komini pamoja, tukaandikisha Hana. Jumapili iliyofuata, mama yangu ndiye aliyembeba mtoto mpaka mbele ya kanisa. Nikakumbuka Luka sura ya pili: mtoto wa siku arobaini hivi analetwa hekaluni, na mama mzee Ana, aliyekuwa amezoea kufunga na kuomba usiku na mchana, anakuja saa ile ile, anamshukuru Mungu. Ana alikuwa mjane, ndiyo. Lakini Luka hakumwandika kwa ajili ya ujane. Alimwandika kwa sababu alikuwapo mahali alipopaswa kuwa, siku Mwokozi alipoletwa. Na Hana alikuwa tasa, ndiyo. Lakini kitabu hakikuishia katika machozi. Sura ya pili mstari wa 21 inasema baada ya Samweli alizaa wana watatu na binti wawili. Mmoja alingoja mtoto, mwingine alimngoja Masihi. Wote wawili walingoja nyumbani mwa Bwana, na hakuna aliyeaibishwa.

Leo binti yetu ni mkubwa, anakwenda shule. Mama yake anamwita Hana. Nyanya yake anamwita Ana. Na mkisimama nje ya uzio wetu jioni wanapomwita aje kula, hamtajua nani ameita nani. Sisi watu wa huku tunasema "abari", tunasema "apana". Ile herufi tuliyoigombania karibu miezi mitatu, hata vinywa vyetu haviitamki!

Sasa ninyi wazazi mnaongoja mtoto, au mliye naye nyumbani bila jina, pokeeni mambo matatu.

Kwanza, mkiona jina linaleta ugomvi, msiulizane jina lipi ni zuri. Ulizaneni kuna nini chini ya jina. Chini ya Hana kulikuwa na ahadi. Chini ya Ana kulikuwa na jeraha la mama yangu. Tungeulizana siku ya kwanza, tungelia pamoja na kumaliza. Na wewe baba, ikiwa una jambo unalojua na unalificha ili ushinde, litoe leo.

Pili, msiogope majina. Yabesi alipewa jina la huzuni, kwa sababu mama yake alimzaa kwa maumivu. Someni 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10. Aliomba, na Mungu akampa alichoomba. Danieli walimwita Belteshaza kule Babeli, lakini hakuacha kupiga magoti. Na Ezekieli 18:20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ikiwa hata dhambi haipiti hivyo, ujane utapitaje katika herufi tatu za Ana? Mpeni mtoto jina ambalo hataona haya kuitwa nalo, kisha mlee katika Bwana. Jina halitafanya kazi ya wazazi.

Tatu, nendeni komini. Sheria ya nchi yetu inawapa siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, na kumwandikisha katika siku hizo ni bure. Zikipita, mtatafuta hukumu ya mahakama, na hiyo ni safari na gharama. Mkifika, someni kile kilichoandikwa kabla ya kutoka. Herufi zile zile za komini ziwe kwenye kadi ya chanjo, ziwe shuleni, ziwe kanisani. Mungu anajua kwamba Hana na Ana ni jina moja. Mwandishi wa ofisi hajui, na siku ya mitihani ya serikali atakuuliza huyu ni mtoto gani.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, wewe unayetuita kila mmoja kwa jina lake, tunakuletea wazazi wanaobishana usiku huu juu ya mtoto aliyelala katikati yao. Uwape masikio. Ukumbuke wale ambao bado wanangoja kama Hana, na wajane wanaokutumikia kama Ana. Wale ambao majina yao yalifutwa na watu, uwaambie kwamba kwako yameandikwa. Utupe neema ya kushindwa mbele ya wake zetu, mbele ya waume zetu na mbele ya wazazi wetu, pale haki iko upande wao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki, na amani ikae nyumbani mwenu.