Wimbo na Dawa za Kulevya: Tusikilize Kwanza, Tuhukumu Baadaye

 

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya nyimbo zinazotaja bangi na dawa zingine za kulevya. Pengine mtu atauliza: nyimbo na amani vinahusiana namna gani? Jibu ni hili. Mahali ambapo watu wengi wanaishi kwa kubanana, ugomvi mkubwa unaanza na jambo dogo. Kijana anafungua redio ao telefone yake, wimbo unasikika, mzee anashika neno moja asilolipenda. Anasema: "Huyu ni mvuta bangi." Kesho jirani anasema: "Basi ndiye mwizi wa sufuria zetu." Kesho kutwa wengine wanasema: "Ni mtu wa kundi la silaha, ametumwa kutupeleleza." Kijana hajaulizwa neno hata moja, na tayari watu wameokota fimbo. Na kama yeye ni wa kabila lingine kuliko wale wanaomshitaki, huo si ugomvi wa wimbo tena. Ni vita ndogo ndani ya kambi, na ninyi munajua kuliko sisi vita ndogo inazaa nini.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Dawa za kulevya zinaharibu watu, na sisi hatuzitetei. Hapa Kongo sheria inakataza bangi. Lakini tunasema pia: wimbo si ushuhuda wa kosa. Mtu anaweza kupiga vita dawa za kulevya kwa nguvu zote, na bado asimhukumu mtoto wa mwenzake kwa sababu ya wimbo.

NYIMBO SI ZA NAMNA MOJA

Kuna nyimbo zinazosifu bangi bila kuficha. Katika miaka ya 1970 Peter Tosh wa Jamaika alitoa wimbo unaoitwa Legalize It, maana yake sheria iiruhusu bangi. Redio za Jamaika zilikataa kuupiga, lakini wimbo ulizunguka dunia nzima. Mwaka 1978 Bob Marley alitoa sahani iliyoitwa Kaya. Katika lugha ya mtaani kule Jamaika, kaya ni jina moja la bangi. Wengi wetu tumesikia sahani hiyo miaka mingi bila kujua jina lake linasema nini. Kwa watu wa dini ya Rasta, bangi inaingia katika sala zao, ndiyo sababu inatajwa sana katika muziki wa reggae. Kujua hivyo si kukubali. Ni kujua tu jambo linatoka wapi.

Kuna nyimbo zingine ambazo watu wanabishana juu yake. Mwaka 1967 kundi la Beatles la Uingereza lilitoa wimbo Lucy in the Sky with Diamonds. Watu walichukua herufi za kwanza za maneno makubwa ya jina hilo, wakapata L, S, D, ambalo ni jina la dawa moja inayovuruga akili. John Lennon alisema mpaka mwisho kwamba jina lilitoka kwa mtoto wake mdogo, aliyechora picha ya rafiki yake wa shule aitwaye Lucy. Mwenzake Paul McCartney alikubali baadaye kwamba dawa hiyo ilikuwa ndani ya mawazo ya wimbo. Muone basi! Hata wale waliotunga pamoja hawakuusemea wimbo wao sawasawa. Sisi tunaosikia kwa mbali, katika lugha isiyo yetu, tutakataje hukumu kwa kusoma jina tu?

Na kuna nyimbo zinazoonya. Mwaka 1983 Melle Mel wa Marekani alitoa White Lines, maana yake mistari myeupe, yaani mistari ya unga wa kokeini. Akisikia jina hilo peke yake, mtu atasema ni sifa. Lakini jina lenyewe linaendelea na kumwambia msikilizaji asifanye hivyo. Mwaka 1987 Lucky Dube wa Afrika Kusini alitoa Slave, maana yake mtumwa. Wimbo huo ni wa mtu aliyefanywa mtumwa na pombe mpaka akapoteza heshima yake. Lucky Dube alisuka nywele za Rasta na aliimba reggae, lakini alijulikana kama mtu asiyevuta na asiyekunywa. Kijana wa hapa akipenda Lucky Dube na kusuka nywele kama yeye, wazee wangapi watasema ni mvuta bangi? Na kumbe wimbo anaousikiliza unasema maneno ambayo mzee mwenyewe angetaka kumwambia.

CHIFU ALIYESIKILIZA

Tuwaletee mfano wa nchi ingine iliyopata vita kama yetu. Sierra Leone ilipigana kuanzia mwaka 1991 mpaka mwaka 2002. Ishmael Beah alikuwa mtoto wakati ule. Katika kitabu alichotoa mwaka 2007, anaeleza namna yeye na watoto wenzake walivyokimbia kijiji kwa kijiji wakitafuta chakula. Kila mahali watu waliwaogopa, kwa sababu waasi walitumia watoto vitani. Katika kijiji kimoja walikamatwa na kufungwa kamba. Kaseti za muziki wa Marekani, ile inayoitwa rap, zilikutwa katika mfuko wake.

Chifu angeweza kusema: hiyo miziki ya ajabu ni alama ya waasi, waueni. Yeye aliamuru kaseti ipigwe. Akasikiliza, akamwuliza mtoto umeitoa wapi, na inasema nini. Mtoto akaeleza, akacheza mbele ya watu wote. Kijana mmoja wa pale akamtambua, kwa kuwa alimuona akicheza dansi zamani. Wakafunguliwa, wakaishi.

Lakini hadithi inaendelea, na hapa tunawaomba musikilize vizuri. Baadaye mtoto huyo huyo alichukuliwa na jeshi, akapewa bunduki. Anaeleza kwamba walipewa vidonge, bangi, na kitu kilichoitwa brown brown, yaani kokeini iliyochanganywa na baruti, ili wasiogope na wasione huruma. Dawa hizo hazikuletwa na kaseti. Zililetwa na wakubwa waliotaka mtoto aue bila kuuliza. Mwenye kaseti hakuwa adui wa kijiji. Adui wa mtoto alikuwa yule aliyemtia dawa mkononi.

HATARI INATOKA WAPI?

Tusidanganyane: maneno ya wimbo yana nguvu. Wimbo unampa mtoto jina tamu la kitu kichafu kabla hajajua madhara yake. Unaondoa haya. Kitu kilichokuwa kinasemwa kwa siri, sasa kinaimbwa arusini.

Mwaka 2018 jambo hilo lilileta kelele kubwa Nigeria. Mwimbaji Olamide alitoa wimbo Science Student, maana yake mwanafunzi wa sayansi, kwa kuwa vijana wanachanganya vitu vya kulevya kama mwanafunzi anavyochanganya dawa katika chumba cha majaribio. Tume inayosimamia redio na televisheni ikaukataza. Lakini mwaka ule ule ilionekana pia kwamba dawa ya kikohozi yenye kodeini ilikuwa inauzwa kwa wingi kwa njia ya magendo, na vijana wanaikunywa ili walewe. Mwezi wa tano serikali ikakataza kutengeneza na kuingiza nchini dawa ya namna hiyo. Angalia mpango wa mambo: kukataza wimbo hakukufunga chupa. Chupa ilikuwa na mwenye kuitengeneza, mwenye kuipitisha na mwenye kuiuza. Hao ndio waliopaswa kutafutwa.

Na hapa kwetu? Mwaka 2021 Kinshasa ilishtuka juu ya unga unaoitwa bombé. Ulitengenezwa kwa kusaga kitu kinachotolewa katika bomba la moshi la gari, kisha kuchanganywa na vidonge. Vijana walivuta uchafu wa gari! Nyuma ya kila kijana aliyevuta kulikuwa mtu aliyeiba kifaa kile, mtu aliyesaga, na mtu aliyepokea pesa.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa hawapendi kulisikia, lakini ni lazima lisemwe. Pombe nayo inalevya. Nyimbo zetu za Kongo zimejaa bia, na kampuni za bia zimelipa wanamuziki wakubwa miaka mingi. Munajua pia mabanga: mwenye pesa analipa, na jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Kwa hiyo wimbo si sauti ya moyo peke yake. Mara nyingine ni sauti ya mwenye pesa. Baba anayerudi hemani usiku akiwa amelewa kanyanga ao lutuku, akampiga mama, kisha asubuhi anamfukuza kijana kwa sababu ya wimbo wa bangi, huyo hawezi kusikiwa. Kijana anaona uongo, na pale heshima inakufa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ninyi wazazi. Mtoto akipiga wimbo unaokutia mashaka, usianze na fimbo. Muulize: wimbo huu unasema nini? Nani ameuimba? Unafikiri amelipwa na nani? Kama ni wa Lingala ao wa Kiingereza, atafsiri mbele yako. Kama hajui maana, mwambie atafute kabla ya kuuimba. Mtoto anayeulizwa atazoea kujiuliza mwenyewe. Mtoto anayepigwa atazoea kuficha. Angalieni mwenendo wake, si nyimbo zake: je, anakula, analala, anaenda shuleni? Vitu vya nyumba vinapotea? Ana pesa ambazo hamujui zimetoka wapi? Mukiona mambo hayo, mumpeleke kwa muuguzi katika kituo cha afya, na mubaki karibu naye. Mtu aliyeshikwa na dawa ni mgonjwa anayehitaji watu wake.

Pili, ninyi machifu na komite za makambi. Musipokee mashitaka yenye msingi wa wimbo, nguo ao nywele peke yake. Muulize mshitaki: uliona nini kwa macho yako? Saa ngapi? Nani mwingine aliona? Wakati wa kusikiliza neno kama hilo, wawepo wamama, wawepo vijana, na wawepo watu wa kila kabila linaloishi pale. Musiruhusu mtu yeyote apigwe ao afungwe kamba na umati. Na nguvu ambazo mungezitumia kukamata telefone za watoto, muzitumie kuuliza: nani anauza bangi hapa? Anapita njia gani? Nani anamlinda? Ni ulizo gumu, kwa sababu mara nyingine anayemlinda ana silaha. Kwa hiyo asilibebe mtu mmoja. Mulibebe pamoja, mulipeleke kwa wakubwa wa serikali na kwa mashirika munayoyaamini, na musitaje hadharani jina la aliyewapa habari.

Tatu, ninyi vijana. Haki yenu ya kusikiliza muziki tunaitetea, nanyi mutusaidie kuitetea. Usiku punguzeni sauti. Mahali pa kilio zimeni kabisa. Mukitunga nyimbo zenu, na tunajua katika makambi kuna watunzi hodari, kumbukeni kwamba mtoto wa miaka 7 ataimba maneno yenu bila kuyapima. Imbeni juu ya njaa, juu ya mashamba tuliyoacha, juu ya mapenzi, hata juu ya rafiki aliyepotea katika bangi, lakini museme kweli namna alivyopotea. Na mtu akiwaambia kwamba bangi inatoa woga, mumwulize: kwa nini unataka nisiogope? Unataka kunituma wapi?

Tunawapendekezea pia jambo moja rahisi. Siku moja kwa juma, jioni, watu wakusanyike penye redio moja. Vijana walete nyimbo mbili, wazee walete nyimbo mbili za zamani. Kila mmoja aeleze wimbo wake unasema nini. Wazee watashangaa kuona mangapi yanaonya katika nyimbo za vijana. Vijana nao watashangaa kuona pombe na ukahaba vimejaa namna gani katika nyimbo za wakati wa baba zao. Na mtu akiwa amecheka pamoja na jirani yake jioni, si rahisi asubuhi amwite mpelelezi.

Wandugu, vita imetunyang'anya nyumba, mifugo na mashamba. Isitunyang'anye na watoto, ama kwa njia ya dawa, ama kwa njia ya mawe ya watu wenye hasira. Mukisikia wimbo usioujua, ulizeni maana. Mukimuona muuzaji munayemjua, msinyamaze.

Kwa herini, na amani ikae nanyi.