Dereva Mlevi na Rungu la Polisi

Mjadala wa leo unawagawanya watu kila mahali kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale: dereva mlevi apigwe na polisi au asipigwe?

Wengi husema, "Apigwe! Angetuua." Hasira hiyo naielewa. Lakini Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka afisa atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Mlevi akirusha ngumi au akikataa kushuka, afisa anaweza kumshika, kumtoa kwa nguvu kiasi na kumtia pingu. Akishafungwa pingu na kulala chini, teke la mbavuni ni la nini? Hapo si kukamata tena, ni kuadhibu, na adhabu ni kazi ya hakimu.

Akiumia, polisi wana wajibu wa kumpatia matibabu mara moja na kuwaarifu jamaa zake. Kusema "Niliamriwa na mkubwa" hakumwokoi afisa aliyevunja sheria. Aliyeonewa apeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, akiwa na cheti cha daktari na namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.