Kabla ya Kuvunja Sakafu, Funua Tangi

Leo nina jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja hadharani. Nazungumzia choo cha kuvuta kinachogoma kuvuta. Maji yanazunguka kidogo kwenye sinki, halafu kila kitu kinabaki pale pale. Mgeni akitoka humo hakutazami usoni.

Hapa mjini choo kikigoma tunasema bomba limeziba. Anaitwa fundi, na fundi aliyekuja na sururu atatafuta pa kuitumia. Jirani yangu mmoja nusura avunjiwe sakafu nzima ya vigae. Nilimwomba fundi avute subira kidogo, kwanza tupime kwa ndoo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chukua maji kama lita 10, uyamwage kwenye sinki la choo kwa mkupuo mmoja. Yakiteremka yote kwa kishindo, bomba ni zima, na ubaya uko kwenye tangi. Yakipanda na kusimama, usiongeze ndoo ya pili! Nenda nje ukafunue chemba. Ikiwa nayo imefurika, huenda karo limejaa, na hapo unahitaji gari la kunyonya maji machafu, wala si sururu.

Kwa jirani yangu maji yaliteremka. Tukafunua tangi. Lilikuwa la mkono wa kukandamiza, ambalo ndani yake mna kipande chembamba cha plastiki kinachonyanyua maji hadi yavuke na kumwagikia chini. Kikichanika, maji hupenya katika mchaniko badala ya kunyanyuka. Ndiyo maana unamsikia mtu chooni akipiga mkono mara tano, mara sita, kama anayejaza upepo baiskeli. Cha jirani kilikuwa kimechanika katikati. Kipya kilinunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, na vigae vikasalimika.

Pengine kosa ni la boya. Likikaa chini mno, maji hufungwa mapema na tangi halijai. Yanatakiwa yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kutolea maji yaliyozidi. Na nyie mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, tazameni matundu yaliyo chini ya ukingo wa sinki. Huziba kwa ukoko mweupe. Siki na kijiti vinatosha.

Linalonikera zaidi ni tangi linalovuja kimya kimya. Halijai vizuri, kwa hiyo halivuti vizuri, na hakuna anayeliona. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, ukae nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye sinki, mpira wa chini haufungi. Tuseme inavuja robo lita kwa dakika. Kwa siku ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji, dumu moja tu lilikuwa mali.

Sasa iweke hiyo katika nyumba ya kupanga yenye mita moja, bili ikigawanywa kwa vichwa. Mama wa chumba cha uani, ambaye choo hicho hakitumii kabisa, anakilipia. Wapangaji wanatuhumiana nani anafua kupita kiasi, watu hawasalimiani, kumbe mwizi ni mpira! Mwenye nyumba naye anasema hayamhusu. Mimi nasema yanamhusu. Tangi la choo ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo, na paa likivuja hatuwachangishi wapangaji.

Anayetaka kujaribu mwenyewe, afunge kwanza koki inayoingiza maji kwenye tangi, avute ili libaki tupu, ndipo atoe mpira. Na aende nao dukani ule ule mbovu, kwa maana ukubwa wake hutofautiana na muuza duka hawezi kukisia.