Mkopo wa Serikali na Masomo ya Nchi Jirani

Hotuba ya mfanya kazi wa reli mbele ya wazazi, vijana na wanachama waliokutana Kakuyuni, Malindi



Mimi si mwalimu, wala si karani wa ofisi ya elimu. Mimi ni mtu wa reli, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini chama kimenituma niseme juu ya jambo ambalo hapa kwetu linavunja nyumba za watu. Jambo lenyewe ni karo ya chuo kikuu, na hasa karo ya kijana aliyepata nafasi ya kusomea udaktari, sheria au uinjinia katika nchi jirani.

Desturi yetu twaijua. Barua ya chuo ikifika, wazee huketi. Mmoja asema tuuze mbuzi. Wa pili asema tuuze mikorosho. Wa tatu asema tukate kipande cha shamba. Mwaka wa kwanza karo hulipwa. Mwaka wa pili hakuna cha kuuza tena, na udaktari ni kazi ya miaka mitano au sita. Kijana hurudi nyumbani bila cheti, akakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Hizo ni hasara mbili kwa pamoja, na mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba.

Tena wengi wetu huku pwani twalima mahali walipozikwa babu zetu, na hati ya shamba hatuna. Benki haimkopeshi mtu asiye na hati. Basi mnunuzi akija hununua kwa bei ya njaa. Ndiyo sababu nataka mjue ya kuwa kuna mkopo usiouliza hati ya shamba, nao ni mkopo wa Serikali kwa wanafunzi.

Kwanza niwape habari za zamani, maana wengine hudhani jambo hili lilianza jana. Mwaka 1952, wakati wa ukoloni, palikuwa na mfuko wa mikopo kwa Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, katika nchi kama Uingereza, Marekani, India na Afrika ya Kusini. Waliofaidika walikuwa wachache. Mwaka 1959 ndugu yetu Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alitafuta rafiki huko Marekani wakachanga fedha, na mwezi wa Septemba ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81. Kumbukeni ya kuwa mtu wa chama cha wafanya kazi ndiye aliyeishika kazi hiyo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba elimu ya juu si shauri la chama.

Na hapa karibu pia watu walivuka mpaka. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na baadaye vijana wa Kenya walipanda gari la moshi kwenda Makerere. Ronald Ngala, mtoto wa Wagiriama, alisoma Kaloleni, akaenda Alliance, kisha Makerere akatoka mwalimu. Mwaka 1963 nchi zetu tatu zikaanzisha Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na kazi zikagawanywa: udaktari Makerere, uinjinia Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka kuwa mwanasheria alikwenda Dar es Salaam, na Mtanganyika aliyetaka kuwa injinia alikuja Nairobi. Hakuna aliyeona aibu kusoma kwa jirani. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikashika chuo chake.

Katika mwaka wa masomo wa 1974 na 1975 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mpango ulikuwa mzuri, lakini haukuwa na sheria ya kudai. Watu wengi wakadhani ni zawadi. Walisoma, wakapata kazi, wakanyamaza. Fedha hazikurudi, na aliyekuja nyuma yao akakuta mfuko mtupu. Ndipo mwaka 1995 Bunge likatunga sheria ya kuweka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo vijana huiita HELB. Tanzania walitunga sheria yao mwaka 2004, na Uganda mwaka 2014.

Sasa tuingie katika mambo ya leo. Bodi hiyo huwakopesha Wakenya wanaosoma katika vyuo vinavyotambuliwa, hapa nchini na hata katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haidai shamba, bali hudai wadhamini, yaani watu wa kutia sahihi. Riba kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Akimaliza masomo hupewa mwaka mmoja wa kujitafuta, kisha aanze kulipa. Akiajiriwa, tajiri wake yampasa kumkata katika mshahara na kuipelekea Bodi fedha hizo kila mwezi.

Hesabu yake yafaa kila mzazi aishike. Tuseme kijana amekopa shilingi 300,000. Riba ya mwaka mmoja kwa deni hilo ni shilingi 12,000. Lakini akijificha asilipe, sheria ina faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi uliopita bila malipo. Kwa mwaka ni shilingi 60,000, yaani riba mara tano. Basi fahamuni ya kuwa kinachoua si mkopo. Kinachoua ni kunyamaza. Kijana asiye na kazi aende aseme sina kazi, au aandike barua, na nakala aiweke nyumbani.

Wako wanaosema ya kuwa deni ni utumwa. Mimi siwacheki. Mtu aliyeona jirani yake akinyang'anywa ana haki ya kuogopa. Na ndugu zetu Waislamu wana neno lao juu ya riba, ambalo wataliamua wao na mashehe wao, si mimi. Lakini nauliza: shamba likiuzwa, nani alirudisha? Deni la mkopo hulipwa kidogo kidogo na yule aliyesoma, kwa mshahara alioupata kwa kusoma. Shamba lililouzwa hulipwa na wadogo zake wasiosoma. Lipi katika hayo ndilo utumwa?

Kabla ya kutia sahihi kwa masomo ya nchi jirani, ulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: je, chuo hicho na digrii hiyo vinatambuliwa Kenya? Kutambuliwa kwa chuo peke yake hakutoshi kwa kazi hizi. Daktari ana baraza lake, injinia ana bodi yake, na wakili hana budi kutimiza masharti ya elimu ya sheria. Mtu aweza kusoma miaka mitano huko, akarudi asiruhusiwe kushika kazi. Ulizeni kabla ya kulipa hata senti.

Swali la pili: mkopo utatosha nini? Mara nyingi hautoshi karo yote, chakula, chumba na nauli. Andikeni katika karatasi kila kitu kwa miaka yote, si kwa mwaka wa kwanza tu. Pengo likionekana mapema, laweza kutafutiwa basari ya kaunti au mchango wa ukoo.

Swali la tatu: wadhamini ni nani, nao wameelewa? Msimpe mzee asiyesoma karatasi atie kidole gumba bila kumsomea. Mdhamini ameweka jina lake mahali pa deni.

Na anayetaka kwenda mbali kupita Afrika Mashariki asiutegemee mkopo huu wa digrii ya kwanza, bali atafute ufadhili. Sisi wa reli tumeona mfano. Tangu mwaka 2016 vijana wa Kenya walipelekwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing kusomea uinjinia wa reli, kwa gharama ya kampuni ya Kichina iliyojenga reli mpya. Hizo ndizo nafasi za kuulizia.

Ndugu wafanya kazi, nasi tuna wajibu wetu. Mwenye deni aitazame hati ya mshahara kila mwezi, kisha aiulize Bodi kama fedha zimefika. Wako waliokatwa miezi mingi, na tajiri hakupeleka kitu, faini ikamwangukia aliyekatwa. Jambo hilo lililetwa mbele ya tawi letu, na ni jambo la chama kabisa. Na msiseme kelele zetu hazifiki popote. Tanzania walikuwa wakiongezewa asilimia 6 kila mwaka juu ya deni la mkopo, ati kulinda thamani yake. Wafanya kazi walilalamika, na Mei Mosi ya mwaka 2021 pale Mwanza, Rais Samia alitangaza kuiondoa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwenu. Kwanza, tawi letu lichague watu wawili wanaojua intaneti, wakae hapa Kakuyuni siku za Jumamosi wakati wa maombi, wawajazie watoto fomu bila malipo. Pili, kila mwana wa hapa aliyesoma kwa mkopo na sasa ana mshahara alipe deni lake, maana fedha zake ndizo karo ya mtoto wa jirani yake.

Wazee wangu, barua ya chuo ikifika nyumbani kwenu, msianze na shamba. Anzeni kwa kuuliza.