Gewandhaus ya Leipzig: Jumba Lililojengwa Mara Tatu



Katika mji wa Leipzig, mashariki ya Ujerumani, liko jumba la muziki liitwalo Gewandhaus. Maana ya jina hilo ni nyumba ya nguo, kwa kuwa ukumbi wa kwanza ulitengenezwa ndani ya jengo la wafanyabiashara wa vitambaa. Tangu mwaka 1781 ukumbi wenye jina hilo umekuwa na makao matatu, kila moja mahali pake na kwa umbo lake. Hata hivyo, watu wa mji ule huhesabu kuwa jumba ni lile lile. Kwa hiyo historia ya Gewandhaus inaligusa swali linalomhusu kila aliyekabidhiwa mali ya umma: kinachodumu katika jengo la umma ni kitu gani hasa?

Chanzo chake ni mchango. Zama hizo okestra nyingi za Ujerumani zilikuwa mali ya watawala, zikipiga muziki katika makasri yao kwa ajili ya wageni wao. Leipzig ulikuwa mji wa biashara na wa chuo kikuu. Mwaka 1743 watu 16, makabaila na wafanyabiashara, walitoa fedha za kuwalipa wanamuziki 16, na baada ya muda mfupi maonyesho yakawa yanafanyika katika nyumba ya wageni. Mwaka 1781 okestra hiyo ilihamia katika nyumba ya nguo, ndani ya ukumbi uliobuniwa na Johann Carl Friedrich Dauthe. Ulikuwa ukumbi mdogo, wa watu wapatao 500, uliojengwa kwa mbao ndani yake. Viti vilipangwa kufuata kuta ndefu, hata wasikilizaji wakawa wanatazamana wao kwa wao.

Kuanzia mwaka 1835 hadi kufa kwake mwaka 1847, okestra hiyo iliongozwa na Felix Mendelssohn. Yeye hakuridhika na kuwaburudisha matajiri jioni. Alizirudisha jukwaani kazi za watangulizi waliokuwa wakisahauliwa, na mwaka 1839 aliongoza kwa mara ya kwanza simfoni kubwa ya Franz Schubert, miaka kumi na zaidi baada ya mtunzi huyo kufariki. Mwaka 1843 alianzisha mjini humo chuo cha muziki, na wapigaji wa okestra wakawa walimu wake. Tangu hapo ukumbi na darasa vilitegemeana.

Wasikilizaji walipozidi, mji ulijenga jumba la pili, lililofunguliwa mwaka 1884. Lilibuniwa na Martin Gropius, aliyefariki kabla halijakamilika, na mwenzake Heino Schmieden. Ukumbi wake mkubwa ulichukua watu zaidi ya 1,500, nao ulikuwa na umbo la sanduku: mrefu, mwembamba, na wenye dari ya juu. Umbo hilo lina faida yake. Kuta za ubavuni zikiwa karibu, sauti huzigonga na kumfikia msikilizaji mara tu baada ya ile itokayo jukwaani moja kwa moja. Sikio huzipokea zote kama sauti moja iliyojaa. Nguzo na nakshi nazo huitawanya sauti isirudi kama mwangwi mkali.

Sifa za ukumbi huo zilivuka bahari. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na chumba cha mihadhara ambamo maneno ya mhadhiri hayakusikika sawasawa. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alitakiwa atafute dawa. Usiku, mji ukiwa kimya, alipuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa ni sekunde ngapi sauti ilibaki chumbani baada ya bomba kunyamaza. Kisha akaleta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akiiongeza kidogo kidogo na kupima tena. Kwa njia hiyo alipata kanuni inayounganisha ukubwa wa chumba, vitu vinavyomeza sauti, na muda wa sauti kudumu. Wajenzi wa ukumbi mpya wa Boston walipoamua kufuata mfano wa Leipzig, Sabine ndiye aliyewafanyia hesabu. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1900, nao hadi leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani kwa usikivu.

Leipzig kwenyewe mambo yaliharibika, na uharibifu haukuanza na mabomu. Mbele ya jumba la pili ilisimama sanamu ya Mendelssohn, iliyowekwa mwaka 1892. Kwa kuwa mtunzi huyo alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, Manazi waliiondoa mwezi Novemba 1936, Meya Carl Goerdeler akiwa safarini. Aliporudi alidai sanamu irudishwe. Alipokataliwa, alikiacha cheo chake mwaka 1937; baadaye alijiunga na waliopanga kumwangusha Hitler, akauawa mwaka 1945. Jumba lilibaki limesimama na muziki uliendelea kupigwa humo, lakini kazi za aliyelipa sifa zilipigwa marufuku. Katika mashambulizi ya ndege ya mwaka 1943 na 1944 jengo nalo liliteketea. Magofu yalibaki miaka zaidi ya ishirini, na mwaka 1968 yakabomolewa.

Kwa muda wote huo okestra haikuvunjika. Ilipiga muziki katika ukumbi wa mikutano ulio kwenye bustani ya wanyama, hata mwaka 1981 lilipofunguliwa jumba la tatu, lililobuniwa na Rudolf Skoda katikati ya mji. Ndani mna viti vipatavyo 1,900, navyo vimepangwa kwa ngazi kulizunguka jukwaa, hata wasikilizaji wakawa wanaonana tena, kama katika ukumbi ule wa mbao.

Tarehe 9 Oktoba 1989 watu zaidi ya 70,000 waliandamana mjini Leipzig, na wengi walihofia kumwagika kwa damu. Kiongozi wa okestra, Kurt Masur, pamoja na wenzake watano, watatu kati yao wakiwa makatibu wa chama tawala wilayani, walitoa wito wa utulivu na mazungumzo. Masur ndiye aliyeusoma, na vipaza sauti vya mji vikautangaza. Risasi haikulia. Baadaye milango ya Gewandhaus ilifunguliwa kwa mijadala ya wananchi. Sanamu ya Mendelssohn nayo ilichongwa upya na kusimamishwa mjini mwaka 2008.

Ndugu, mafunzo ya historia hiyo yako wazi. Jumba la Gropius liliteketea, lakini umbo lake lilidumu kwa sababu lilichunguzwa, likapimwa na kuandikwa. Okestra ilikosa nyumba kwa miaka thelathini na zaidi, lakini ilidumu kwa sababu wapigaji waliwafundisha waliofuata. Kilichokaribia kuliua jumba lenyewe ni siku ile sanamu ilipoondolewa, na wengi waliokuwa na madaraka wakanyamaza.

Kila mji una ukumbi wake, na kila shule ina bwalo au darasa lake kubwa. Mtumishi anayetunza ramani na vipimo vya jengo, mwalimu anayeuliza kwa nini wanafunzi wa nyuma hawamsikii, na mkubwa wa ofisi anayekataa kuweka sahihi penye dhuluma, hao wote ni wajenzi, hata kama hawajawahi kushika mwiko wa mwashi. Ufa wa ukutani huzibwa kwa saruji. Ufa wa pale watu wanapoacha kujali huzibwa na watu wenyewe, nao hauna budi kuzibwa mapema.